Ulifikaje Nyumbani?

Ninawaandikia kutoka Thika. Mvua imeacha kunyesha sasa hivi lakini stima bado haijarudi, kwa hivyo nikinyamaza katikati jueni ni betri.

Nianze kwa kuungama. Jumanne usiku, kwenye kundi la vijana la WhatsApp, ndugu mmoja alituma kichekesho. Kwa kifupi kilisema hivi: wanasayansi wa dunia nzima wametumia miaka na mabilioni ya pesa wakijaribu kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali bila kupitia njiani, na mpaka leo hawajaweza kuhamisha hata panya. Lakini mjomba wake hukaa kwenye baa pale Ruiru saa nne usiku, anafumba macho, anayafumbua yuko kitandani kwake Thika, kiatu kimoja mguuni na chipsi baridi mfukoni. Serikali imchukue mjomba ikamchunguze. Wengine wakaongeza zao. Mmoja akasema baba yake huteleporti lakini mtambo una kasoro, humtua kwa mlango wa jirani. Dada mmoja wa kwaya, sitamtaja, akasema teleportesheni ya kwao hufikisha mtu bila simu.

Nilicheka. Mchungaji wenu alicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Yeye hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Pasta, na hiyo si ilikuwa yako?"

Ilikuwa yangu. Mlio nasi tangu zamani mnajua, lakini nyinyi mlionijua juzi mnanijua na tai na Biblia, mnadhani nilizaliwa nayo kwapani. Mwaka 2004 nilikuwa utingo wa lori la mawe. Tulipakia Ndarugo alfajiri, tukashusha Ruiru, Kahawa, Githurai, popote penye mjengo. Ruiru ya siku hizo haikuwa hii ya maghorofa. Ukitoka mjini kidogo tu unaingia kwenye kahawa. Jumamosi tulilipwa papo hapo Ruiru, na mahali tulipolipwa hapakuwa mbali na mahali pa kunywea. Nilikuwa nikiishi Makongeni, chumba kimoja cha mabati. Kutoka Ruiru hadi hapo ni kama kilomita 20, na hiyo ni barabara ya zamani, kabla ya Wachina kuja kuichimba na Rais Kibaki kuifungua upya mwaka 2012.

Sasa sikilizeni. Karibu kila Jumamosi nilikumbuka nimeketi Ruiru, chupa mbele yangu, mtu akisimulia jambo. Kisha nilikumbuka Jumapili, jua likipita kwenye tundu la bati na kunipiga usoni. Katikati hapakuwa na kitu. Hapakuwa na giza wala ndoto, kurasa zilikuwa zimechanwa. Jumatatu kwenye lori nilijigamba: "Nyinyi hupanda matatu. Mimi hutoweka Ruiru nikatokea Makongeni." Dereva alicheka hadi akaegesha. Waliniita Umeme. Sikuwa nimelisikia hili neno la teleportesheni, lakini kichekesho cha huyo kijana nilikuwa nacho miaka 20 kabla yake, na nilikisema vizuri kumshinda.

Kwa sababu kicheko cha Jumanne kilinikaa kooni, niliona kabla ya kusema neno lolote nijue kwanza hiyo sayansi yenyewe. Kanisani tuna binti anayesoma fizikia pale JKUAT, Juja. Alhamisi baada ya ibada nilimketisha kwenye benchi la nyuma nikamwambia, mwanangu, nifundishe, lakini taratibu, mimi ni mtu wa Biblia na mawe.

Alinifundisha. Neno lenyewe halikutoka maabara. Lilitungwa na mwandishi Mmarekani, Charles Fort, mwaka 1931, mtu aliyependa kukusanya habari za ajabu ajabu, kisha watu wa filamu wakalichukua. Mwaka 1993 ndipo wanasayansi 6, mmoja wao Charles Bennett wa IBM, walipoandika kwamba kuna jambo dogo sana la namna hiyo ambalo linaweza kufanyika kweli. Mwaka 1997 kundi la Anton Zeilinger kule Innsbruck, Austria, likalifanya kwa fotoni, yaani chembe za nuru. Mwaka 2017 Wachina wakalifanya kutoka ardhini hadi kwenye satelaiti yao, umbali uliofika kilomita 1,400. Na mwaka 2022 Zeilinger akawa mmoja wa watu watatu waliogawana Tuzo ya Nobeli ya fizikia.

Nikamuuliza, sasa ni nini hasa kinachosafiri? Akasema, Pasta, hapo ndipo watu hukosea. Ile fotoni ya kwanza haiendi popote. Kinachohamishwa ni hali yake, inaingizwa katika fotoni nyingine ambayo tayari iko upande wa pili ikingoja. Na kuna masharti. Ile ya mwanzo lazima ipoteze hali yake, huwezi kubaki na nakala mbili. Tena lazima ujumbe wa kawaida utumwe, kwa redio au kwa waya, kwa njia ya kawaida isiyoipita kasi ya nuru. Bila ujumbe huo, aliye upande wa pili ana kitu mkononi lakini hawezi kukirudisha katika ile hali iliyotumwa, ni kama mtu aliyeletewa sanduku lenye kufuli ya namba na namba hana.

Nikamwambia, "Kwa hivyo hata hao wakubwa wanapitia barabarani."

Akasema, "Lazima kitu fulani kipitie barabarani, Pasta."

Nilienda nyumbani na hilo neno lake.

Najua tayari kuna mtu anayeniandikia pale chini: Mchungaji, na Filipo? Ndiyo. Matendo 8. Amembatiza yule Mwethiopia kwenye barabara ya Gaza, Roho akamnyakua, akaonekana Azoto. Ninaamini hivyo hivyo kama ilivyoandikwa na sipunguzi nukta. Lakini tazameni Filipo alivyofika. Alifika akiwa na akili zake, akaanza kuhubiri mji baada ya mji mpaka Kaisaria. Hakuwauliza watu wa Azoto leo ni siku gani. Hakuwa ametafuta koti. Sasa yule mjomba wa kundini tusimweke kwenye sura hiyo. Yeye tumtafutie Mithali 23, mistari ya mwisho, pale Sulemani anapomweleza mlevi aliyepigwa na hakusikia maumivu, na akiamka jambo la kwanza analowaza ni kutafuta nyingine. Miaka elfu mbili na zaidi imepita tangu iandikwe na inamfahamu mtu wa Jumapili asubuhi kuliko anavyojifahamu.

Kuhusu mwili, hili nililisoma mwenyewe, maana nilitaka kujua mwili wangu ulikuwa ukifanya nini katika saa zile nisizokuwa nazo. Vijana wanasema mtu "amezima". Wengi hudhani aliyezima alikuwa amelala au amezirai. Hapana. Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa hipokampasi, jina la Kigiriki la farasi wa baharini kwa sababu imejikunja hivyo, na kazi yake mojawapo ni kuandika mambo ya sasa yawe kumbukumbu za kesho. Pombe ikiingia nyingi na kwa haraka, hasa tumbo likiwa tupu, mwandishi huyo huweka kalamu chini. Lakini mtu mwenyewe anaendelea. Anazungumza, analipa, anaimba, anagombana, anavuka barabara. Watu wanaongea naye na hawajui kwamba hakuna kinachoandikwa.

Daktari mmoja wa akili huko Marekani, Donald Goodwin, alilipima jambo hili miaka kama 1970. Aliwanywesha wanaume 10 wa kujitolea wiski nyingi kwa saa kadhaa. Katikati ya ulevi aliwaletea kikaango, akawauliza kama wana njaa, kisha akawaambia ndani mna panya watatu waliokufa. (Msiniulize kamati gani ilimruhusu.) Dakika 2 baadaye ukiwauliza, wanakumbuka panya. Nusu saa baadaye, baadhi yao hawakumbuki panya wala kikaango, na kesho yake vile vile. Mtu anaonyeshwa panya wafu kwenye kikaango na jambo hilo halipo tena maishani mwake. Fikiria basi ni mambo gani mengine anaweza kufanya au kufanyiwa, yasiwepo.

Hapo ndipo ninapotaka kuwaambia habari ambayo sijawahi kuisema madhabahuni. Nimeisema kwa mke wangu na kwa mtu mmoja mwingine tu.

Mwaka 2019 niliitwa matanga Makongeni. Kijana mmoja wa kanisa letu alikuwa amefiwa na baba yake. Mzee hakuwa wa kwetu, alikuwa Mkatoliki, lakini mwana aliomba nije niwatie moyo jioni moja. Nilipoingia na kuona picha ile mezani nilimtambua. Alikuwa soja wa usiku kwenye yadi ya mbao na mabati karibu na steji, enzi zile zangu. Koti kubwa la mvua, kofia ya sufi, jiko la makaa ndani ya mkebe wa rangi. Nilimpita kila siku. Sikuwahi kujua jina lake, nilimwita tu Guka kama kila mtu.

Nilihubiri, tukaomba, chai ikaja. Mjane wake akaniita nikae karibu naye. Akanishika mkono akaanza kucheka, kile kicheko cha shosho kisichotoa sauti, mabega tu yakitikisika. Akaniambia kwa Kikuyu, mimi nawaandikia kwa Kiswahili: "Kumbe ni wewe umekuja kumzika. Yeye alikubeba sana."

Sikuelewa. Nikadhani ni mfano.

Akanisimulia. Wale wenzangu wa lori walinisukuma kwenye matatu ya mwisho na kumpa makanga nauli yangu. Ule ndio mwaka sheria za Waziri Michuki zilianza, kila abiria afungwe mkanda, kwa hivyo nadhani nilifungwa mkanda kama mtoto. Makanga alinishusha Makongeni, maana hakuna mahali pengine pa kunipeleka, na kuniegemeza kwenye ukuta wa yadi. Gari likaenda. Kisha Guka alifungua lango, akatoa mkokoteni wa yadi, akanilaza juu yake, akanifunika gunia kama kuna mvua, akanisukuma hadi plotini kwetu. Alikuwa amekwisha jua mlango wangu. Ufunguo aliutoa kwenye soksi yangu, mahali ambapo nilidhani ni siri yangu na Mungu. Alinilaza kwa ubavu, akanivua kiatu. Kimoja tu, kwa sababu kile kingine kamba yake ilikuwa na fundo lisilofunguka na yeye alikuwa na haraka ya kurudi langoni.

Wapendwa, kiatu kimoja. Nilikuwa nimewachekesha watu kwa hicho kiatu kimoja mwaka mzima.

Nikamuuliza shosho ni mara ngapi. Akasema hakuhesabu, ila yeye mwenyewe alimgombeza mumewe sana baada ya ile ya mwezi wa nne. Nikauliza ile gani. Hapo alinyamaza kidogo. Nafikiri alidhani najua.

Usiku mmoja wa mvua za Aprili, Guka aliliacha lango akanisukuma nyumbani. Njia ilikuwa tope, gurudumu likazama, alichukua muda. Aliporudi alikuta waya umekatwa na mabati 12 hayapo. Mwenye yadi hakutaka maelezo. Alimkata mshahara shilingi 1,800 kila mwezi kwa miezi 3. Nyumba yenye watoto wanne. Mmoja alikaa nyumbani muhula ule.

Na sasa nawaambia kile nilichokumbuka nikiwa nimekaa pale na kikombe cha chai. Kile sehemu yangu ya ubongo ilikiandika vizuri kabisa kwa sababu nilikuwa mzima. Habari za mabati kuibwa zilienea mtaani. Jumatatu au Jumanne ile nilipita langoni asubuhi nikiwa na wenzangu, nikamwona mzee ameketi, nikampigia kelele kwa furaha: "Guka! Ati wewe hulala kazini siku hizi?" Wenzangu wakacheka. Naye akacheka. Aliniinulia mkono kama mtu anayesalimiwa.

Alicheka, jamani. Angeweza kusema neno moja tu.

Nilimuuliza shosho kwa nini hakuniambia, si siku hiyo, si miaka yote iliyofuata, hata nilipookoka mwaka 2006 na mtaa wote ukajua, hata niliporudi kutoka chuo cha Biblia nikawa napita pale na kumpa trakti. Nilimpa trakti! Akasema alimwambia mara nyingi aseme. Jibu lake lilikuwa kwamba kijana akiambiwa ataona aibu, na mwenye aibu hurudi kwenye chupa. Afadhali adhani amejifikisha mwenyewe.

Sijui kama alikuwa sahihi. Nimelifikiria miaka hii yote. Nafikiri mimi ningeambiwa ningeacha mapema. Lakini labda najisifu, labda yeye aliyenivua kiatu alinijua zaidi.

Mnajua habari ya Nuhu katika Mwanzo 9. Amelewa divai ya shamba lake mwenyewe, yuko uchi hemani. Hamu anaona, anatoka nje kuwaambia wengine. Mimi husema kama Hamu angekuwa na simu, ile picha ingefika Misri kabla ya Nuhu kuamka. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanatembea kinyumenyume, wanamfunika bila kumtazama. Nimehubiri sura hiyo pengine mara kumi. Kila mara nilihubiri kuhusu Hamu, kwa sababu kumhubiri Hamu ni rahisi. Baada ya matanga yale nilijikuta nawafikiria wale wawili na ile nguo, jinsi ilivyo vigumu kutembea kinyumenyume gizani, na kwamba andiko halisemi Nuhu aliwahi kuwaona wakifanya hivyo. Aliamka akiwa amefunikwa.

Kwa hivyo nyinyi vijana wa kundi, sikukasirika na sijafuta kile kichekesho. Kibaki hapo. Lakini nilikuwa na swali moja kwa yule ndugu, nikamuuliza kwa simu: nani humfungulia mjomba mlango? Akanyamaza. Kisha akasema, ni shangazi. Nikauliza, na yeye hulala saa ngapi? Akasema hajui. Nikamwambia auulize. Ameuliza. Hayo aliyojibiwa ni yao, siyaandiki hapa, ila tangu Ijumaa hatujatumiana vichekesho, tumetumiana namba za simu.

Na wewe unayesoma hii ukiwa ndiye shangazi, au mke, au mtoto wa kidato cha pili unayetumwa kumtoa baba kwenye baa, nakujua uko hapa, kwa sababu watu kama nyinyi huwa hampigi laiki bali mnasoma hadi mwisho. Jambo la vitendo. Akifika amezima usimlaze chali. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asisakamwe. Ukiona pumzi inakuja polepole sana, ngozi baridi, umemtikisa na haitikii, usingoje alale iishe, tafuta gari mwende Thika Level 5 au hospitali iliyo karibu. Huko si kumdhalilisha. Mei 2014, pombe iliyochanganywa methanoli iliua makumi ya watu Embu, huku kwetu Kiambu na kwingine, na wengine waliamka wakiwa vipofu. Nyumba nyingi usiku ule zilidhani ni ulevi wa kawaida.

Hii barabara kuu nzuri ya njia nane nayo haimngojei mtu aliyezima. Nimezika wawili katika huduma yangu walioivuka chini huku daraja la miguu likiwa juu ya vichwa vyao. Wote wawili walikuwa na hadithi za kuchekesha za jinsi walivyokuwa wakifika nyumbani, na matangani zilisimuliwa.

Wewe unayeteleporti, nawe uko hapa. Sikuandikii kukuhukumu, nadhani umeona nimetoka wapi. Nakuomba kitu kidogo, hata kabla ya kuacha, hata kama hutaki kuacha. Wiki hii uliza. Nenda kwa mkewe wa nyumba, kwa mtu wa boda boda pale steji, kwa makanga, kwa soja, umuulize: Jumamosi nilifikaje? Usimuulize ukicheka. Muulize ukiwa umeketi. Mtu mmoja kati yao anajua kila mita, na pengine anajua na bei.

Nilirudi kwa shosho wiki mbili baada ya mazishi. Nilikuwa nimepiga hesabu, 1,800 mara 3, shilingi 5,400, nikaziweka kwenye bahasha. Kisha nikaona aibu ya kulipa bei ya 2004 mwaka 2019, nikaongeza. Aliketi akazihesabu mbele yangu, noti moja moja, mara mbili, kama mwenye yadi. Akaniangalia juu ya miwani.

"Na nauli ya mkokoteni?"

Tulicheka hadi mwanawe akaja kutazama. Alizichukua zote. Tangu wakati huo nimekuwa nikienda Makongeni mara moja kwa mwezi. Hudai nauli kila mara, nami hupeleka unga, sukari, wakati mwingine namrekebishia kitu. Kesho ni zamu yake, mlango wa choo umeanguka bawaba. Mwenye bisibisi nzuri anisaidie, yangu imekula.

Namba yangu ni ile ile mliyo nayo. Inboksi iko wazi, na leo niko macho hadi saa tano, betri ikiruhusu. Mkiwa mmeshindwa pa kuanzia andikeni tu neno "mkokoteni", nitaelewa.